Tundu Nililoliita Uchakavu

Sikilizeni wanangu, Umar na wewe Naila, sogeeni karibu, maana sauti yangu haifiki tena hata mlangoni, na haya ninayoyasema leo mimi baba yenu Sadiq, fundi makochi wa Wandegeya, sitayarudia. Umar, acha kulia, bwana, sijafa bado! Karakana ni yenu wote, cherehani ni ya Naila kwa kuwa ndiye mwenye mkono, na yule jirani aliyeniibia hatua tatu za uwanja nimemsamehe, ingawa ni mshenzi. Limebaki moja, nalo linanielemea kuliko maradhi haya.

Mnamjua Acen wa Kansanga, mke wa Onen yule karani. Mwaka sabini na tatu, askari walipokuwa wakichukua watu majumbani, Acen alikwenda kwao kujifungua Filda, na aliporudi hakukuta mume wala kochi, na majirani kwa woga wakasema hawakuona kitu. Kochi lile nililishona mimi, ngozi halisi ya ng'ombe, la harusi yao, na kila Krismasi nilikwenda kulipaka mafuta. Nalijua. Mkono wa kushoto ulichubuka kwa kuwa Onen alikuwa mashoto na kiganja chake hakikujua kutulia, na pale alipozoea kukaa ngozi ilifanya mipasuko myembamba, kama uso wangu huu.

Basi mwezi ule ule afande mmoja, jina lake sikuuliza, akalishusha kochi lile lile karakanani kutoka kwenye lori. Kwenye mgongo wa kochi, usawa wa moyo wa mtu aliyeketi, palikuwa na tundu la duara lililoungua ukingoni. Akanikazia macho. "Hii shimo ni ya nini, mzee?" Nikasema, "Uchakavu tu, afande, ngozi ikikosa mafuta hupasuka." Akacheka sana. "Wewe fundi mzuri. Funika." Nami, nikiwafikiria ninyi na marehemu mama yenu Mahfudha, nikafunika.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, wanangu, na ndio ulionibomoa.

Siku tatu baadaye Acen akaja, kichanga mgongoni, akaniuliza kama nimeliona kochi lao, nikamwambia sijaliona. Sijaliona! Na huu ni mwaka wa tano, shemeji zake wanataka kumlilia ndugu yao, yeye anawakatalia, anasema mtu hazikwi angali hai. Jumatano iliyopita, Naila, ulimfungulia mlango wewe mwenyewe, aliponiletea uji wa mtama, akaniambia nipone haraka, maana Onen akirudi atataka kochi jingine. Nikaunywa ule uji. Nimeona haya, wanangu, nimeona haya mno.

Sasa shikeni. Kile kipande cha ngozi chenye tundu nilikikata, kimo ndani ya kopo la nta, chini ya shazia, zile sindano zangu kubwa za kushonea makochi. Na pamba ya ndani, iliyoganda damu, sikuitupa. Niliifunga katika shuka jeupe, nikaizika nyuma ya karakana, pembeni mwa tangi la maji, nikasimama nikamwombea Onen, Mkristo wa watu, kwa maneno ya Kiislamu ninayoyajua mimi. Pale nimeweka matofali mawili. Mlikuwa mkiniuliza kwa nini nakataza watu kukanyaga pale.

Umar, nenda Kansanga sasa hivi, mlete Acen, usimwambie kitu njiani. Nataka asikie kwangu, na akitaka kunitukana anitukane nikiwa na masikio. Asiponikuta, Naila, mpe kopo mkononi, mwambie yote bila kunipamba, kisha mwonyeshe yale matofali, umwache alie mpaka achoke. Msinitie kaburini kabla hajajua.

Mungu awape... awape ulimi mzito kwa uongo. Awaweke pamoja. Naila, maji kidogo... basi, yatosha. Umar, bado umesimama hapo? Vaa viatu, mwanangu. Nenda. Nitajaribu kumngoja.