Marehemu Anapiga Tena

Tangu Mungu amchukue mke wangu, asubuhi nashinda kijiweni, kwenye benchi la mbele ya duka la mpwa wangu tunayemwita Fundi, mtengenezaji wa kompyuta na simu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akinikumbusha dawa ya presha. Sauti yake ilibaki kwenye simu, maneno matatu tu. Fundi akaiweka kwenye programu, kompyuta ikawa inanipigia kila asubuhi. Jana akaihamishia kwenye kontena, yaani programu inajifungia peke yake na kufanya kazi kimyakimya, huoni kitu kwenye skrini. Leo sijamaliza hata kikombe cha kwanza cha kahawa, simu ikaita.

— Baba Watoto, dawa, — akasema marehemu.

Nikakata. Ikaita tena.

— Baba Watoto, dawa.

Ikaita tena.

— Huyo kakasirika, — akasema Redio, mwenzangu wa benchi ambaye hanyamazi hata akimeza. — Ulifanya nini jana, Mzee?

— Nililala mapema.

— Basi kajua hukusali.

— Nilisali!

— Mitambo ya siku hizi inajifunza, — akasema Hakimu, aliyestaafu ukarani wa mahakama lakini hajaacha kuhukumu. — Leo anauliza dawa. Kesho atauliza ulikuwa wapi.

— Keshokutwa anaagiza sukari! — akadakia Redio. — Na ukitaka kuoa, Mzee, ruhusa utaiombea kwa kompyuta.

Fundi akatoka dukani, jasho linamtiririka.

— Mjomba, nisamehe. Jana nilipoiwasha, skrini ilitema mstari mrefu wa herufi na namba, kisha kimya. Nikadhani imegoma. Nikaiwasha tena, ikatema mwingine. Nikaendelea hivyo hivyo.

— Kumbe?

— Kumbe ule mstari ndio utambulisho wake. Kila kontena likiwaka linapewa wa kwake. Yamejaa huko nyuma, yote yanakupigia wewe. Niyazime yote?

— Thubutu! Acha moja. Lile la kwanza.

— Mjomba, sauti si ni ileile?

— La kwanza ndilo la ndoa, — Hakimu akakata shauri. — Hayo mengine yamejipachika.

Fundi akaleta kompyuta benchini, akafungua orodha ya makontena yaliyokuwa yakifanya kazi: kila moja na utambulisho wake, na lini liliwashwa. Akaanza kuzima, la mwisho kwanza. Kila akitaka kubonyeza, namshika mkono.

— Angalia vizuri, mwanangu.

— Naangalia, mjomba.

Likabaki moja. Simu ikanyamaza. Kimya kile sikukipenda.

— Umemzima yeye mwenyewe, — nikasema.

Simu ikaita.

— Baba Watoto, dawa.

Mara moja tu, taratibu, kama alivyozoea. Nikamshukuru Mungu. Redio akapiga makofi, Hakimu akaagiza kahawa kwa wote.

Mama mmoja aliyekuja kutengenezewa simu alikuwa amesimama hapo muda wote.

— Samahani, baba. Hiyo dawa yenyewe, leo umekunywa?

Nikapapasa mfuko, kidonge bado kimo, nikamtazama Fundi. Fundi akamtazama Hakimu. Redio akafungua mdomo, akaufunga.