Bwana Buti Ukingoni mwa Mto

Pale Isingiro, mbele ya kibanda cha fundi redio, kulikuwa na ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, na kila alasiri waliukalia watu walewale. Antena, mwenye kibanda, alidai husikia redio ikiumwa kabla mwenyewe hajajua. Sajenti alipigana vita vya Amin kwa mdomo; vita vyenyewe vilipokuwa vikipiganwa, yeye aliwamenyea askari ndizi. Katekista aliacha kufundisha dini lakini kuhubiri hakuacha. Wa nne, Evaristi, kibarua wa mashamba ya kahawa, hawakumpa jina la utani kwa sababu walimhurumia. Mwaka huo wa tisini na saba yeye ndiye aliyekuwa na kidude cha mchezo wa video cha kuenea kiganjani. Wazungu wa kambi ya wakimbizi walimwachia binti yake, Anonciata, aliyekuwa akiwafulia nguo. Kisha Anonciata akavuka Mto Kagera na shangazi yake kwenda kuliona shamba la babu yake Rwanda. Aliaga kwamba angerudi kabla kahawa haijaiva. Kahawa ilikuwa imechumwa mara mbili, na habari zake hakuna.

Ndani ya kidude aliishi mbuzi wa katuni mwenye kofia na buti kubwa, kazi yake kukimbia na kuruka mashimo. Ukikiwasha, humkuta palepale Anonciata alipomwachia, ukingoni mwa mto. Usipobonyeza kitu, mbuzi hugeuka akakutazama, akagonga mguu kama mtu aliyechoka kungoja. Kutazama, Evaristi aliruhusu. Kubonyeza, ng'o!

Siku hiyo betri za redio zilikuwa zimeanikwa jamvini tangu asubuhi, katikati ya buni, ili zipate nguvu kidogo. Antena akaunganisha nne kwa waya. Mbuzi akatokea.

— Yupo! Antena akapiga kofi. Bwana Buti hajambo.

— Anasubiri amri huyo, akasema Sajenti. Sisi kwenye vita tulikaa ukingoni hivyohivyo, macho kodo.

— Mlikaa mkimenya ndizi, akasema Antena.

— Kwani askari anapigana na njaa?

Katekista akatupia mdomoni punje za kahawa ya kutafuna.

— Hamjui kitu nyie. Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sasa mcheki, hata buti hajavua. Ataogaje?

— Buti ndiyo akili yenyewe, akajibu Antena. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwenzenu guu kalikinga mapema.

— Huyo ni mpelelezi, Sajenti akashikilia. Mbuzi gani wa kwenu anavaa kofia? Anahesabu mamba.

— Mamba wako wapi humo? akauliza Katekista.

— Mto usio na mamba ni mfereji!

Antena akashusha sauti.

— Mnataka ukweli? Hii ni redio ya macho. Mbuzi anafuata nyayo za mwenye kidude. Anonciata akisimama, naye anasimama. Siku akianza kutembea, tutamwona hapahapa.

Evaristi alijua huo ni upuuzi. Hata hivyo, miezi yote hiyo na yeye alikuwa akiamini hivyohivyo, na hakuthubutu kumwambia mtu. Alimkumbuka mwanawe hata uji ukawa haumshuki.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba.

Alikuwa Deodatha, aliyeolewa Isingiro juzijuzi, kaleta redio ya mumewe kutengenezwa. Akainama kutazama.

— Mbona huyu kasimama tu?

— Haguswi, Katekista akamwonya. Ni wa binti ya mzee huyu, na binti kavuka mto.

— Waitu, jamani! Binti ndiye aliyesema asiguswe?

Wote wakamgeukia Evaristi.

— Hakusema, akajibu polepole. Ni mimi. Nilijiambia akizama huyu, na mwanangu kazama. Basi nikamwacha asimame.

— Sasa mzee wangu, akisimama hapo, atafikaje?

Sajenti akasogea karibu kuona.

Evaristi akakishika kidude kwa mikono miwili, akabonyeza. Mbuzi akakimbia, akaruka, buti zikagusa ng'ambo, zikateleza, akatumbukia majini akapotea. Sajenti akavua kofia.

— Mwanangu! Evaristi akapiga yowe.

Mara mbuzi akatokea tena, ukingoni palepale, mzima, kofia kichwani. Akageuka, akamtazama Evaristi, akagonga mguu.

— Karudi! Antena akaruka. Kumbe akizama anarudi!

— Si nilisema ni mpelelezi? akadakia Sajenti.

Hapo betri zikaisha nguvu, kioo kikafifia na mbuzi akatoweka. Evaristi alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, wala hakuyaficha. Akazifungua betri mwenyewe, akazirudisha jamvini moja moja.

— Nilichelewa kubonyeza, akasema.

Akajifuta uso, akaitazama barabara.

— Hivi, lile lori linaloteremka mtoni hupita siku gani?

Antena akamtazama Sajenti, Sajenti akamtazama Katekista. Miaka yote lori hilo liliwapita mbele ya pua likiwatilia vumbi kwenye kahawa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.