Mama Mawingu na Mpira Alioupeleka Juani

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mawingu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1971, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mama mshonaji na baba mlinzi wa ghala, akalelewa zaidi mgongoni kwa dada yake, aliyemzidi miaka saba na ambaye ameketi hapa mbele.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, akaishia kidato cha pili baba alipofariki, na tarehe 3 Aprili 1990 akaajiriwa hospitalini, chumba cha kufulia. Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na fundi bomba aliyekuja kutengeneza boila, wakajaliwa binti mwaka 1997 na mvulana mwaka 2000.

Kazini alianzisha timu ya mpira wa wavu ya wafuaji na wapishi, wanawake wafupi waliofungwa na kila mtu, na badala ya kulalamika akaazima kitabu cha sheria, akakisoma wakati wa chai mpaka akaona kwamba hakuna mahali palipoandikwa mpira wa kuanzisha usipande juu zaidi ya kiasi gani. Tarehe 19 Agosti 2006, kwenye fainali dhidi ya timu ya makarani iliyofundishwa na dada yake, alishinda kura ya sarafu, akawaachia wapinzani mpira wa kwanza, akachagua upande uliolipa jua mgongo, kisha zamu yake ya kuanzisha ilipofika akapiga kwa mkono wa chini, juu kabisa, na makarani wakainua macho wasione kitu, mpira ukawaangukia miguuni. Mwamuzi alifungua kitabu, akakifunga, akahesabu pointi, na jina la Mama Mawingu likaanzia hapo.

Dada alimwambia mbele ya watu, "Huo si mchezo, umenidhalilisha," naye akajibu, "Dada, nionyeshe kifungu nilichovunja." Kombe lilikwenda kwa wafuaji, na wale wawili hawakusemezana miaka kumi na minne na ushee, salamu zikipitia kwa mama.

Februari 2021 figo zilianza kumsumbua marehemu, akalazwa katika hospitali ileile, na siku ya tatu dada aliingia wodini na mkoba wake, akasema tu, "Sogea nikutandikie," akabaki miezi minane, bila yeyote kati yao kuitaja ile mechi. Alifariki Jumanne tarehe 2 Novemba 2021, saa tatu asubuhi, dada akiwa amekwenda kuchota maji ya moto, akarudi, akaliweka birika chini, akauliza kama kuna fomu ya kujaza.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani waliopika na kufagia, na wafanyakazi wenzake waliokuja wamevaa sare za kazi.

Dada ameomba isomwe kwamba hajalia bado, hajui ni kwa nini, na anaomba mnaompa mkono msimuulize.

Lala salama, mdogo wetu, upumzike kwa amani.