Mzee Kibali na Saa Yake ya Nyumbani

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na minane katika karakana yetu ya mizani, mhandisi wetu tunayemwita Mzee Kibali anastaafu na kurudi kwao, ng'ambo ya mpaka. Nimeombwa nimwandikie mimi, karani wa vyeti, kwa kuwa meza zetu zimetazamana miaka sita. Nikizidisha mapenzi humu ndani mnisamehe. Ndoa yangu ina wiki tano tu, na kila kitu nakiona kwa macho hayo.

Alikuja kwa miaka miwili. Nchi zetu zilikuwa zimetia saini mkataba wa biashara uliowaruhusu wahandisi wa upande mmoja kufanya kazi upande wa pili. Cheti chake cha uhandisi kilichukua miezi kumi na mmoja kutambuliwa, na muda huo wote alikaa stoo akisafisha mawe ya vipimo. Huko ndiko ilikozaliwa amri yake: jiwe la kipimo halishikwi kwa mkono mtupu, maana hata jasho la kidole lina uzito. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kukabidhiwa glavu mbele ya wageni wake, akazivaa bila ubishi.

Kibali chake cha kazi kilikuwa cha miaka miwili miwili, naye alikihuisha mara kumi na tatu. Ukimwalika harusini miezi mitatu kabla, alijibu kwamba atakuja Mungu akipenda na kibali kikikubali. Jina likamganda. Fundi bomba aliyekwenda kwake alitusimulia kuwa chumba kina kiti kimoja. Mwenyeji akamlazimisha mgeni akikalie, mgeni akakataa, wakanywa chai wote wawili wamesimama. Tulicheka mpaka machozi. Siku hizi nikikikumbuka kiti kile sicheki.

Kazini hakuwa na mfano. Madereva wa malori waliozoea kugombana na wapimaji walikuwa wakiona muhuri wake kwenye mzani wa barabarani, wanashusha sauti. Alikosea mara moja tu. Cheti chake kilisema mzani wa kiwanda cha sukari ulipimwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na geti la kiwanda hufunguliwa saa moja. Mlinzi aliitwa ajieleze, akauliza kama alifungua geti usingizini. Kumbe Mzee alisoma saa ya mkononi mwake, ambayo tangu avuke mpaka hajawahi kuigeuza. Kwao wako nyuma yetu kwa saa moja.

Chakula cha mchana sote tunakula saa saba. Yeye alikula saa nane, peke yake, kantini ikiwa imeshapanguswa na viti vimepandishwa juu ya meza. Chini chini tulisema ana maringo. Mimi pia nilisema.

Kisha nikaolewa. Mzee alituletea saa ya ukutani, na ndani ya boksi kikaratasi: "Moja inatosha mkiwa nyumba moja." Niliporudi kazini nilimbana anieleze. Mkewe ni mkunga. Mkataba ulitambua wahandisi, haukutambua wakunga. Angemfuata angekaa bure kwenye chumba kile, na huko kwao akina mama wanamwita usiku na mchana. Wakakubaliana wavumilie miaka miwili, tena miwili, tena miwili. Wakakubaliana na jambo jingine: kila siku, saa saba ya nyumbani, kila mmoja ataketi ale, ili wawe wanakula pamoja. Saa saba yao ndiyo saa nane yetu. Nililia nikaharibu cheti kizima, ikabidi nichape upya.

Aliniambia pia kwamba anaogopa. Amezoea kula na mkewe akiwa mbali. Hajui kama bado anaweza kula naye akiwa mbele yake, wala atazungumza nini sahani zikishatolewa. Mtu aliyepima kila kitu, hilo hana mzani wake.

Wiki hii ya mwisho karakana nzima tumehamia saa nane. Mama wa kantini alilalamika kwamba tunamfanya mtumwa wa saa ya nchi za watu, kisha akavua aproni, akachukua sahani, akaketi jirani na Mzee. Jumatano mkewe alipiga simu katikati ya chakula. Aliposikia vijiko na vicheko akauliza hao ni nani. Mzee akasema ni watu wake. Mkewe akasema, kwa sauti tuliyoisikia sote: "Basi waambie wakuachie njaa ya Jumapili. Nimeshaweka viti viwili."

Mzee aliinama akaitazama sahani yake.

Asante, Mzee wetu, kwa kila jiwe ulilotufundisha kulishika kwa heshima, na utusamehe kwa miaka yote tuliyokuacha na viti vilivyopinduliwa. Jumapili mpakani abiria wote watarudisha saa zao nyuma. Wewe usiiguse yako. Vuka, uketi, ule ukimtazama, na siku zako zote huko ziwe njema.