Karatasi ya Kumwomba Mke Radhi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja mbele ya duka la vifaa vya kuandikia, na katika wanaolikalia hakuna aliyewahi kununua hata kifutio. Asubuhi hiyo Fundi, mshona mashati, alikuwa amenunua karatasi na bahasha, kahawa inampoa mkononi. Juzi, kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, alimwambia mkewe mbele ya wateja kwamba hata karatasi ya kukatia kola ina akili kumzidi. Mke alikunja nguo zake akahamia kwa dada yake. Fundi anamtaka mkewe arudi, na kwa ujinga wake akaomba ushauri kijiweni.

Mstaafu, aliyezeeka akigonga mihuri ofisini, aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole.

— Ya mistari? Hii ya watoto wa shule. Nunua nyeupe, nzito. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Nyeupe ya tangazo la msiba, akadakia Kinyozi. Chukua ya waridi. Chema chajiuza.

— Ya waridi, akapinga Mstaafu, mkeo atajua imechaguliwa na mwanamke mwingine.

Fundi akauliza aanze na maneno gani. Nani amsikie? Walishahamia kwenye wino, kwamba mwekundu ni ugomvi na mweusi ni talaka. Kinyozi akakataza bahasha ya kulamba: mke aliyenuna hapokei mate ya mtu, bahasha ibanwe kwa pini.

— Na muhuri, akasema Mstaafu. Radhi isiyo na muhuri ni uvumi. Toa nakala tatu: yake, ya dada mtu, na ya faili.

— Faili la nani?

— Faili ni faili. Haraka haraka haina baraka.

Na Fundi, mtu mzima na ndevu zake, akainuka kwenda kununua karatasi ya kaboni. Hapo akafika mama mmoja mgeni na kitambaa cha gauni, akauliza mbona cherehani imelala. Wakamweleza yote, kila mmoja akitetea rangi yake.

— Na huyo dada mtu anakaa wapi?

Fundi akanyoosha bahasha ng'ambo ya barabara. Kibarazani, mkewe alikuwa anaanika mashuka, na kila alipolikung'uta moja walilisikia.

— Kwani ukimwita hasikii?

Mstaafu akachungulia kikombe chake. Kinyozi naye akachungulia chake. Fundi akafungua kinywa, kile kile cha juzi, sauti isitoke. Mkewe akabana shuka la mwisho, akaingia ndani.