Feni Mbili za Bwana Harusi

Kijiwe chenyewe ni benchi moja refu lililoegemezwa ukuta wa karakana ya mafriji, mguu mmoja umetiwa tofali, na mbele yake kuna jiko la mkaa la Shangazi muuza kahawa, ambaye si shangazi wa yeyote pale lakini huwafokea kana kwamba kawalea wote. Mchana ule Bwana Harusi alifika na feni mbili mkononi, moja kubwa kama sahani ya chakula, nyingine ndogo kama kisahani cha kikombe, akajitupa kwenye ncha ya benchi. Jina hilo kapewa kwa sababu kazi yake ni kuhariri video za harusi za watu. Ya kwake ilifungwa miaka mingi iliyopita na video yake mpaka leo hajaimaliza. Alitaka jibu moja, fupi, kisha aende zake. Kulitafuta jibu fupi mahali pale ndilo lililokuwa kosa lake la kwanza.

— Jamani, nisaidieni haraka haraka, alisema. Mwenye duka la vipuri hapo ng'ambo kaniazima zote mbili. Nichague moja, nyingine nimrudishie kabla hajafunga. Nataka isiyopiga kelele.

— Ya nini? aliuliza Baridi, fundi wa mafriji, mwenye ukuta.

— Ya kompyuta yangu ya mezani. Feni yake imechoka, inanguruma mchana kutwa, mke wangu halali.

Lililobaki lilikuwa zito kulitamka. Mkewe ni muuguzi wa zamu ya usiku. Wanaishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: huku kitanda, kule meza ya kazi. Mke anaporudi kulala, ndipo mume anapowasha mtambo wake. Asubuhi ile alikuwa amesema, taratibu kabisa, kwamba akikosa usingizi tena leo atahamia kwa dada yake, awe analala huko. Angegomba, Bwana Harusi asingeshtuka, kugombezwa kashazoea. Ule upole ndio uliomtoa jasho.

— Kasema atahamia kwa dada yake, alimalizia. Akienda huko tutakuwa tunaonana kama wagonjwa na wageni wao, saa za kutembelea. Kwa hiyo naomba msinipotezee muda. Kubwa au ndogo?

— Kubwa, alisema Baridi bila hata kufikiri. Kubwa inazunguka polepole na upepo unatosha. Ndogo lazima ikimbie. Inayokimbia ndiyo inayolia.

Bwana Harusi aliinuka. Moyo ulimtulia. Angeondoka wakati ule ule, hadithi hii isingekuwepo.

— Kaa chini wewe! alifoka Injini, dereva ambaye lori lake limelala gereji kwa muda mrefu kiasi kwamba watu wamesahau rangi yake. Unamsikiliza huyu? Kubwa ina uzito. Uzito ukizunguka, unatikisa. Kasha litatikisika, meza itatikisika, kitanda kitatikisika. Shemeji ataamka akidhani kuna tetemeko.

— Feni ya plastiki itatikisa kitanda? Baridi aliuliza.

— Wewe ushawahi kuendesha kitu chenye feni kubwa?

— Mimi natengeneza vitu vyenye feni kila siku!

— Vimesimama! Friji haliendi popote.

— Na kompyuta yake inakwenda wapi?

Bwana Harusi alirudi kuketi, si kwa kupenda. Feni kubwa, ambayo dakika moja tu nyuma aliiona kama mkombozi, sasa aliitazama kwa wasiwasi.

— Kwa hiyo ndogo? aliuliza.

— Ndogo ni nyepesi, alisema Injini. Unaitia grisi. Grisi nzito, ile ya magurudumu. Unaijaza mpaka izunguke kwa adabu.

— Ikijaa grisi haizunguki kabisa, alisema Baridi.

— Si ndiyo kimya chenyewe anachokitaka?

— Itaungua kompyuta!

— Hilo hakuuliza. Kauliza kelele.

Shangazi aligonga birika kwa kijiko.

— Kahawa yangu inapoa mnabishania upepo. Nani anaongezewa?

Wote walisogeza vikombe bila kumtazama, ila Ticha. Ticha ni mwalimu mstaafu, na alikuwa amekaa kimya tangu mwanzo, dalili mbaya sana kwa mtu anayemfahamu. Alikunja mguu mmoja juu ya mwingine, akakohoa kidogo.

— Wanangu, alisema, mnahangaika bure kwa sababu hamjajiuliza sauti ni nini.

— Eh, tumekwisha, alinong'ona Injini.

— Sauti ni mawimbi. Wimbi hili likikutana na wimbi lile lililo sawa nalo, yanauana. Kwa hiyo mwanangu usichague. Chukua zote mbili, uziweke zitazamane. Kelele ya hii itameza kelele ya ile.

— Mzee, alisema Bwana Harusi polepole, kwa subira iliyokuwa ikimwishia, feni mbili zikitazamana si zitalia mara mbili?

— Zikiwekwa vibaya.

— Vizuri ndiyo vipi?

— Hapo sasa inahitaji vipimo.

— Ulishawahi kulifanya hilo?

— Darasani nilikuwa nalichora vizuri sana.

Baridi alicheka hadi kahawa ikamwagika gotini. Na kicheko kile kikamkera Ticha, Ticha akamwambia kuwa watu wa bisibisi hawataki kuelewa, Baridi akasema bisibisi ndiyo inayowatunzia wasomi maji yao ya baridi, na kwa muda mrefu hakuna aliyekumbuka kwamba pana mtu amekuja na shida. Bwana Harusi alitazama ng'ambo ya barabara. Mwenye duka alikuwa ameanza kuingiza ndani bidhaa zilizokuwa kibarazani.

— Jamani, alisema. Mke wangu!

— Tunafika huko, alisema Injini. Sikia, nimepata. Lori linanguruma kuliko kompyuta zote za mji huu, sivyo? Linanyamazishwa na nini? Sailensa. Mimi ninayo moja ya zamani nyumbani. Unatoboa ukuta, unapitisha bomba, kelele yote inatokea nje.

— Nje kuna jirani.

— Jirani ana mke anayefanya zamu ya usiku?

— Hana.

— Basi!

— Usimfanye atoboe ukuta wa nyumba ya kupanga, alisema Baridi, na sasa na yeye macho yalikuwa yamemtoka. Kuna njia ya akili. Huku ndani nina friji bovu, kubwa. Kompyuta inaingia yote. Unafunga mlango. Friji lina kuta nene, sauti haitoki. Tena baridi ipo, feni huihitaji hata hiyo moja.

— Friji lenyewe si linanguruma? aliuliza Ticha.

— Nimesema bovu. Halingurumi.

— Bovu litapoza nini?

Baridi alipiga funda la kahawa.

— Mtu huyu, alisema baadaye akimwelekea Bwana Harusi kwa hasira, kana kwamba kosa ni lake, mtu huyu angenunua ile kubwa tangu mwanzo tusingefika hapa.

Bwana Harusi alishika kichwa. Watu hawa aliwapenda, na siku nyingine angecheka hadi mbavu zimuume. Leo alitamani kuwapiga na zile feni, kubwa kwa Injini, ndogo kwa Ticha. Alikuwa bado anawagawia hivyo moyoni alipoona kivuli mbele yake, na viatu anavyovifahamu.

Mkewe alikuwa amesimama mbele ya jiko, khanga imefungwa ovyo, macho mekundu, mto wa kitandani kwapani.

— Hamjambo, alisema.

— Hatujambo, Shemeji! walijibu wote, wakabanana kumpa nafasi. Karibu, karibu ukae.

Aliketi, mto akaupakata. Bwana Harusi aliutazama ule mto. Mtu habebi mto kwenda dukani.

— Shemeji, usiwe na wasiwasi, alianza Ticha. Jambo lako tunalo hapa tangu mchana. Kinachobaki ni uamuzi kati ya mawimbi...

— Friji, alisema Baridi.

— Sailensa, alisema Injini.

Aliwasikiliza mmoja mmoja, akiitikia kwa kichwa kama anavyowaitikia wagonjwa wanaoeleza ndoto zao. Walipomaliza akauliza:

— Nyinyi mmeshawahi kuisikia?

— Kuisikia nini?

— Hiyo kompyuta. Inalia vipi? Inavuma? Inakwaruza? Inapiga mluzi?

Injini alijikuna shingo. Baridi alisema nadhani inavuma, lakini alisema akimtazama Bwana Harusi, na wenzake nao wakamtazama Bwana Harusi, mwenye kompyuta, mwenye kuishi nayo.

— Inavuma, alisema Bwana Harusi.

Mkewe alitikisa kichwa.

— Inapiga mluzi. Mwembamba, kama wa mtu anayekuita kwa mbali. Ukianza kuuzoea unakatika, halafu inakwaruza, kisha mluzi unarudi. Wewe ungeijuaje? Unavaa vitu vyako masikioni tangu unapoiwasha mpaka unapoizima. Nyimbo za harusi za mji mzima unazijua. Na leo umeiacha inamalizia video ya watu, inalia peke yake, umeniacha nayo chumbani, wewe umekuja huku kutafuta kimya.

Hakupandisha sauti hata kidogo. Bwana Harusi aliona uso unamwaka. Ilikuwa kweli. Aliibonyeza ile kompyuta ianze kazi, akavua hedifoni, akatoka saa ile ile, na njiani alijiona mume mwema anayekwenda kushughulikia tatizo la mkewe.

— Nenda nyumbani, mkewe akamwambia. Lala upande wangu. Usivae kitu. Ukipata usingizi, usinunue feni yoyote, nami sitalalamika tena. Nakusubiri hapa, halafu nitajua kama naenda kwa dada au siendi.

Alikwenda, feni zake mkononi. Alijinyoosha upande wa mkewe, uso umeelekea pazia, na mtambo ukawa hatua chache tu kutoka sikioni mwake. Mwanzoni alidhani mkewe katia chumvi. Kisha aliusikia: mluzi, mwembamba, wa kuudhi, uliopenya shavuni na kuingia kwenye meno. Ukakatika. Akashukuru. Kikaja kile cha kukwaruza, na akajikuta amekunja ngumi akisubiri mluzi urudi, na uliporudi alihisi chuki ambayo hajapata kuihisi kwa mtu. Aliwaza kuwa mkewe anayalalia haya akiwa ametoka kusimama usiku mzima, halafu anaamka na kumuuliza yeye ameshindaje. Machozi yalimkaribia. Alijitahidi kuendelea kulala hapo ili imuume vizuri, akashindwa.

Aliinuka akaizima, na harusi ya watu ikakatikia katikati. Kwa kuwa feni alikuwa nazo, akazipeleka nyuma ya kasha kuzipima. Ile kubwa ilizidi tundu pande zote. Ile ndogo ilipwaya, ikadumbukia ndani. Katika mabishano yote ya siku ile hakuna mtu aliyetaja kupima tundu, wala yeye mwenyewe hakulikumbuka.

Alirudi kijiweni akikimbia, amejiandaa kuomba radhi mbele ya watu wote. Hapakuwa na sauti. Mkewe alikuwa amelala fofofo, kichwa kimeegemea ukuta wa Baridi, mto chini ya shavu, mdomo wazi kidogo. Ticha, aliyekaa jirani naye, alikuwa ameshika kikombe kitupu kifuani, hathubutu kukiweka chini. Injini alikuwa anapumua kwa makini kama mtu anayetembea juu ya vigae vya paa la watu. Baridi alikuwa ameingia karakanani na kuzima kila kitu kilichokuwa kikiwaka. Shangazi alisimama mbele yao na koleo la mkaa mkononi, na ilionekana wazi kwamba yeyote atakayekohoa atalionja.

Bwana Harusi alifungua mdomo aseme kwamba ameizima, kwamba ameisikia. Koleo likamwelekea. Akaufunga, akakaa chini miguuni pa mkewe, feni mbili mapajani.

Mwenye duka alivuka barabara akichezesha funguo, mlango wake ukiwa nusu umefungwa.

— Haya, alisema kwa sauti ya mtu aliyesubiri vya kutosha. Mmechagua ipi?

Watu wote wa kijiwe walimtumbulia macho, vidole midomoni. Shangazi akamsogelea na koleo.