Mtendaji Aliyebeba Lawama za Mtondooni

Bi. Elieth Paschal anastaafu tarehe 30 Juni baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, kumi na tisa kati yake akiwa Afisa Mtendaji wa kijiji chetu cha Mtondooni, huku delta. Ofisi imeniomba mimi niandike kwa kuwa naandika kuliko ninavyosema. Ni kweli.

Alikuja kutoka Kasulu, hajui kuogelea. Mkutano wake wa kwanza aliuitisha saa nne asubuhi, maji yamekupwa, akakaa na viti vitupu mpaka alasiri. Mzee Bushiri, mwenyekiti wa kitongoji, akamcheka: "Mama Mtendaji, hiyo saa yako ya Kasulu haisukumi mtumbwi kwenye tope!" Tangu hapo matangazo yake yakaandikwa "maji yakijaa", na watu wakafika. Madarasa matatu na kisima tumevipata kwa mikutano hiyo. Kindengereko alijifunza cha kusalimia, na cha kugombana pia.

Lakini wengi wanamtaja kwa zahanati tuliyoikosa. Mwaka juzi, akiwa amelazwa Kibiti kwa malaria, walikuja watu wa kuhesabu kaya. Ulikuwa msimu wa mpunga, kijiji kizima kiko kwenye madungu, vile vibanda vya juu tunavyolala shambani kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Wakabisha mlango kwa mlango, wakaandika kwamba watu wamehama. Zahanati ikapelekwa kwingine. Mwaka jana mtoto wa dada Salima alizaliwa ndani ya boti, njiani kwenda hospitali, hakulia. Mkutanoni watu wakamzomea Bi. Elieth: "Umetuuza! Rudi kwenu!" Akajibu, "Kosa ni la ofisi yangu," akaketi.

Halikuwa lake. Siku ile ya kuhesabu nilibaki nyumbani kwa ajili ya mitihani. Walipiga hodi mara tatu. Nikaona haya kuwafungulia wanaume nisiowajua, nikajibanza nyuma ya pipa la maji. Kusema tu "wako shamba" kungetosha. Baada ya mkutano nilimfuata nikamweleza, nalia. Akasema, "Mwanangu, wewe utaishi na watu hawa. Mimi nitaondoka." Hakumwambia mtu.

Nasikia wapo walioapa kutokanyaga kwenye hafla ya kumuaga Jumamosi. Njooni, jamani. Kama kuna wa kuzomewa, nitakaa kiti cha mbele.

Bi. Elieth, asante, na unisamehe kwa kuchelewa. Mungu akufikishe Kasulu salama, upumzike kwa watu wanaokujua.

Ashura Mshamu, kidato cha tatu